Kusutwa si Kung'olewa

Desemba 2022 wawakilishi wadi wa Kaunti ya Meru, Kenya, walipiga kura dhidi ya Gavana Kawira Mwangaza, na watangazaji wetu, wakitafsiri "impeach," wakatangaza kwamba ameng'olewa. Mwezi haukwisha, Seneti ikamwachia. Oktoba 2023 akang'olewa tena. Novemba Seneti ikayatupa mashtaka. Sasa mtu huyu alipandwa upya na nani? Seneti ilikubaliana na wawakilishi hao Agosti 2024 tu, na hata hapo amri ya mahakama ilimweka ofisini hadi Machi 2025. Gavana wa Embu wakati huo, Martin Wambora, aling'olewa mara mbili mwaka 2014, Seneti ikiafiki zote mbili; mahakama zikamnusuru, na 2017 wapigakura wakamrudisha. Donald Trump naye "aling'olewa" Desemba 2019, akaendelea kutia saini sheria Ikulu ya Washington mwaka mzima.

Afadhali kung'oa, lakini, kuliko "kung'atua," wanalolipendekeza wanakamati fulani bila haya. Kung'atuka limetoka Kizanaki, na aliyelieneza ni Mwalimu Nyerere alipouacha urais kwa hiari yake mwaka 1985. Kulifanya jina la kumfukuza mtu ni kuligeuza kichwa chini miguu juu.

Neno tunalo: kusuta. Pwani, mzushi hufuatwa hadi mlangoni pake, mashahidi wakiwapo, akakabiliwa na maneno yake mbele ya kadamnasi. Huo ndio msuto. Aliyesutwa hufedheheka, hujitetea akiweza, na usiku hulala nyumbani kwake. Hata neno la Kiingereza, ukilifuata hadi Kilatini, unakuta pingu ya miguuni: mtu kazuiwa, hajaondolewa. Na wakili anayemuumbua shahidi mwongo kizimbani, ambaye Waingereza humtumia kitenzi kile kile, sisi tunasema amemsuta. Ushahidi gani zaidi unatakiwa?

Nilipolitaja mbele ya wajuzi, mmoja akacheka: msuto ni mambo ya wanawake wa uswahilini. Sijui ni lini uswahili ulikuwa kasoro katika Kiswahili. Mjuzi huyo huyo huandika "kuimpichi" bila kuona aibu.

Matumizi ni mepesi: bunge la kaunti husuta kwa thuluthi mbili, Seneti huamua, anayepatikana na hatia huondolewa. Naibu Rais Rigathi Gachagua alisutwa na Bunge la Taifa tarehe 8 Oktoba 2024. Seneti ikamwondoa tarehe 17.