Madaktari Waliofuata Maji: Karne ya Utafiti wa Maradhi Rumonge na Mwambao wa Imbo

Mtu wa Rumonge, mji wa Burundi ulio kando ya Ziwa Tanganyika, anategemea ziwa kwa karibu kila kitu. Humo ndimo anamopata samaki wa ndagala na mukeke, ndimo anamooga, anamofua na kuchota, na ndiyo njia yake ya kwendea Kigoma, Uvira na Kalemie. Ndiyo maana, kwa zaidi ya miaka mia moja, madaktari waliofika kwenye mwambao huu wa Imbo na hadubini zao wamejikuta wakiuliza swali lilelile: mtu na ugonjwa wake hukutana wapi pale majini? Majibu yalipatikana, na mengine yalibadili vitabu vya tiba duniani. Yaliyofanywa baada ya majibu kupatikana ni habari nyingine, maana mara nyingi mamlaka imeona wepesi kumfukuza mtu kwenye maji kuliko kumpelekea maji yaliyo salama.

Wa kwanza walikuwa Wajerumani, na kilichowaleta ni malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo ulilipuka kaskazini mwa Ziwa Victoria, Busoga na Buganda, ukaua watu zaidi ya 200,000 katika miaka michache. Mwaka 1903 Aldo Castellani, akiwa Entebbe, aliona vimelea viitwavyo tripanosoma kwenye maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, kisha David Bruce akaonyesha kwamba mchukuzi wa vimelea hivyo ni mbung'o. Serikali ya Kijerumani iliyotawala Tanganyika, Rwanda na Burundi iliingiwa na hofu. Wapagazi, wachuuzi na wavuvi hawakuwa na habari na mipaka iliyochorwa Ulaya, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ilikuwa Kongo, ambako malale yalikuwa yameshaota mizizi.

Berlin ikamtuma Robert Koch, aliyekuwa ameshapokea Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Mwaka 1906 na 1907 aliweka kambi kwenye visiwa vya Sese, Uganda, akajaribu dawa iitwayo atoxyl, ambayo ndani yake mna arseniki. Mwanzoni matokeo yalikuwa ya kushangaza: tezi za shingo zilinywea, vimelea vikatoweka kwenye damu, na watu waliobebwa kwenye machela wakasimama. Baada ya muda vimelea vikarudi. Koch akaongeza dozi. Wagonjwa 22 wakapofuka kabisa, kwa sababu arseniki iliharibu mshipa unaounganisha jicho na ubongo. Akaacha dozi kubwa, lakini dawa yenyewe haikuachwa. Leo taasisi kubwa ya afya ya Berlin inaitwa kwa jina la Koch. Wale 22 wanatajwa kama hesabu tu.

Mambo yaliyojaribiwa Sese ndiyo yaliyoteremka hadi kwetu. Msaidizi wa Koch, Friedrich Karl Kleine, alibaki Afrika kuongoza kampeni ya malale katika koloni la Kijerumani, na ndiye aliyefumbua fumbo lililowashinda wakubwa wake. Hadi wakati huo ilidhaniwa kwamba mbung'o hubeba vimelea mdomoni tu, akimuuma mgonjwa na kumwambukiza mzima papo hapo. Kleine aliwalisha mbung'o damu yenye vimelea, kisha akaendelea kuwalisha kwa wanyama wazima siku baada ya siku. Kwa takriban wiki mbili na nusu hakuna mnyama aliyeugua. Baadaye wakaanza kuugua. Kumbe vimelea hukua na kubadilika ndani ya mwili wa mbung'o, na mdudu akishaiva hivyo huendelea kuambukiza. Kleine alitangaza hayo mwaka 1909, na Bruce mwenyewe, aliyekuwa na mawazo mengine, akarudia majaribio na kukubali.

Ugunduzi huo ulifanyika upande wa Ziwa Victoria, lakini uzito wake ulionekana hapa Imbo. Mbung'o wa malale, Glossina palpalis, hapendi kwenda mbali na maji. Hukaa kwenye vichaka vya ukingoni na kwenye midomo ya mito, yaani palepale mitumbwi inapofungwa na akina mama wanapojaza mitungi. Kama mdudu mmoja anaweza kuambukiza kwa muda mrefu wa uhai wake, basi bandari moja ndogo yenye vichaka inatosha kuuweka ugonjwa hai hata wagonjwa wakiwa wachache. Kambi za malale zikajengwa kwenye ziwa, Usumbura upande wa kaskazini na Niansa, Nyanza-Lac ya leo, upande wa kusini wa Rumonge. Max Taute, daktari wa jeshi aliyefanya kazi Ziwa Tanganyika, akaandika mwaka 1911 kwamba katika majaribio hata mbung'o wa porini, Glossina morsitans, aliweza kubeba vimelea hivyo. Habari hiyo haikumfurahisha mtu yeyote, kwa kuwa mbung'o huyo hahitaji ziwa.

Kazi ya kliniki ilianzia shingoni. Mtu alipapaswa nyuma ya shingo, na tezi ikionekana imevimba ilitobolewa kwa sindano, majimaji yake yakawekwa chini ya hadubini. Madaktari walikuwa wachache mno kwa kazi hiyo. Huko Kiziba, karibu na Bukoba, kampeni hiyohiyo iliwategemea vijana wa Kiafrika waliofundishwa kupapasa tezi na kuwapeleka washukiwa kambini. Mwanahistoria Mari Webel wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, katika kitabu chake cha mwaka 2019 kuhusu malale Afrika Mashariki, ameiweka Imbo ya kusini sambamba na Sese na Kiziba, na kwa maoni yangu hapo ndipo kitabu chake kinaponoga: anaonyesha kwamba watawala na watu wa kawaida waliipima kampeni kwa vipimo vyao wenyewe, wakachukua walichoona kinafaa na kukimbia walichoona kinadhuru. Mtu aliyemwona jirani akirudi kambini hana nafuu, pengine haoni, alikuwa na sababu nzuri ya kuvuka ziwa usiku.

Tarehe 27 Oktoba 1908 Uingereza na Ujerumani zilitia saini London mkataba wa kushirikiana dhidi ya malale. Kwenye mwambao wetu, wakati huo Burundi ikiwa imetoka tu kumpoteza mfalme wake, mwami Mwezi Gisabo, kampeni ilizidi kuhama kutoka kwenye sindano kwenda kwenye panga. Vichaka vya ukingoni vikafyekwa ili mbung'o akose kivuli. Kisayansi ilikuwa hatua sahihi. Lakini mikono iliyofyeka ilikuwa ya wenyeji, kwa amri, na vichaka vya Imbo huota upya haraka, kwa hiyo amri haikuwa na mwisho. Palipokuwa pagumu kufyeka, watu ndio waliohamishwa. Mwaka 1916 Wabelgiji wakaingia, kambi za Wajerumani zikafungwa, na dawa mpya zikafuata: tryparsamide, aliyoijaribu Louise Pearce mjini Léopoldville mwaka 1920, na Bayer 205, aliyoizungusha Kleine yuleyule Rhodesia ya Kaskazini na Kongo akitafuta kuirudishia Ujerumani heshima yake baada ya kunyang'anywa makoloni.

Kutoka hapo naruka miaka mingi, hadi miaka ya 1980 na bonde la Rusizi, pale mwambao unapotanuka kuelekea kaskazini. Kilimo cha mpunga cha kumwagilia kilikuwa kimeenea, na mifereji yake iliwafaa wakulima, konokono wa kichocho na mbu kwa pamoja. Mbelgiji Marc Coosemans alilinganisha vijiji vya mpunga na vijiji vya pamba, akachapisha mwaka 1985 kwamba malaria ilikuwa kali zaidi kwenye mpunga. Mwenzake Bruno Gryseels, ambaye baadaye aliongoza Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, alishughulika na kichocho cha tumbo pamoja na watafiti wa Burundi kama Nkulikyinka na Sinzinkayo.

Maabara yao haikuhitaji umeme mwingi. Kinyesi huchujwa kwenye wavu mdogo, kikajazwa kwenye tundu la kipimo maalumu, kikafunikwa kwa selofani iliyolowekwa kwenye gliserini, kisha mayai ya minyoo yakahesabiwa moja moja kwa hadubini. Njia hiyo huitwa Kato-Katz, na bado inatumika. Watafiti hao walifanya jambo ambalo wengi hawakuwa na subira nalo: walimpima mtu yuleyule siku kwa siku. Dirk Engels, Sinzinkayo na Gryseels wakachapisha mwaka 1996 kwamba idadi ya mayai hupanda na kushuka mno kutoka siku hadi siku, kiasi kwamba kipimo kimoja huwakosa wengi wenye maambukizi mepesi. Maana yake ni kwamba takwimu za kichocho zilizotegemea kipimo kimoja, popote duniani, zilikuwa zikipunguza ukubwa wa tatizo. Engels alikuja kuwa mkurugenzi wa idara ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa katika Shirika la Afya Duniani, na somo hilo alilibeba kutoka Burundi.

Walilinganisha pia dawa mbili, oxamniquine na praziquantel, wakiwafuatilia waliotibiwa kwa miaka miwili. Dawa ziliua minyoo. Hazikumzuia mtoto kurudi mferejini, na maambukizi yakarudi pamoja naye.

Sasa tufike Rumonge yenyewe, na kwenye utafiti ambao kwangu ndio mkubwa kuliko yote yaliyofanywa kwenye mwambao huu. Kipindupindu kilifika ukanda wa Ziwa Tanganyika mwaka 1978, kikiwa sehemu ya wimbi la saba la dunia lililoingia Afrika mwaka 1970. Kikazoea kurudi. Aprili na Mei 1992 kiliipiga Rumonge, na hospitali ikafurika. Safari hii timu ya wataalamu, miongoni mwao Maureen Birmingham na Warundi Ndayimirije na Nkurikiye, iliamua kuuliza kwa utaratibu: aliyeugua alifanya nini ambacho jirani yake mzima hakukifanya?

Utafiti wa namna hiyo unahitaji miguu kuliko mashine. Unamchukua mgonjwa, unawatafuta watu wazima wanaofanana naye, kisha unawauliza wote maswali yaleyale: ulikunywa maji ya wapi, ulikula nini, ulioga wapi. Wakati huohuo maji ya ziwa na ya mabomba ya mji yalipelekwa maabara. Jibu lilikuwa wazi kuliko ilivyotazamiwa. Walioathirika zaidi walikuwa wanaoga ziwani na kunywa maji yake, na watafiti wakakadiria kwamba asilimia 78 ya ugonjwa ilitokana na hayo. Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae O1, walipatikana kwenye maji ya ziwa. Kwenye mabomba ya mji hawakupatikana. Bakteria waliotoka ziwani na waliotoka kwa wagonjwa walifanana hata katika namna walivyostahimili dawa. Nchini kote, ukiacha eneo moja la bara, ugonjwa ulikuwa umeganda karibu na ziwa na mto Rusizi.

Mlipuko wa Rumonge ulizimwa kwa kuwazuia watu kwenda ziwani. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1997, na tangu hapo yanarejelewa kila yanapozungumzwa maziwa ya Bonde la Ufa kuwa ni makazi na njia ya kipindupindu. Sina ugomvi na hatua ya kufunga ziwa kwa wiki chache watu wanapokufa. Lakini mvuvi hawezi kufungiwa ziwa mwaka mzima, na mama asiye na bomba atachota panapochoteka. Utafiti ulikuwa umesema mambo mawili, kwamba ziwa lina bakteria na kwamba bomba halina. La kwanza lilitekelezwa kwa kuwazuia watu ufukweni. La pili lilihitaji fedha, likasubiri.

Uthibitisho zaidi ulitoka ncha ya kaskazini ya ziwa, Uvira, Kongo, mji unaoonekana kutoka Bujumbura siku ya anga safi. Watafiti wakiongozwa na Aurélie Jeandron walilinganisha rekodi za mtambo wa maji wa mji huo na daftari za kituo cha kutibia kipindupindu, kuanzia 2009 hadi 2014. Katika siku 12 zilizofuata siku isiyo na maji ya bomba, wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa asilimia 155 ikilinganishwa na siku ambazo maji yalitoka vizuri. Mwaka 2020 Uvira ilipewa chanjo ya kunywa, na timu ya Espoir Bwenge Malembaka ikaonyesha kwamba chanjo inakinga kweli, ingawa nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Chanjo inanunua muda, na muda huo una thamani iwapo kuna mtu anayechimba mtaro wa bomba.

Burundi ilitangaza tena mlipuko wa kipindupindu tarehe 1 Januari 2023. Wanaopanga bajeti, serikalini na kwa wafadhili, hawana haja ya kuagiza utafiti mwingine wa kuuliza kipindupindu cha mwambao kinatoka wapi. Jibu la Rumonge limekwisha kuchapishwa tangu 1997, na la Uvira tangu 2015. Fedha hizo ziende kwenye mabomba, pampu na umeme wa kuziendesha, na zianzie kwenye mitaa iliyo ukingoni.