Kisukuku na Jina Lake: Istilahi za Zamadamu tangu 1959

Mtu aundaye istilahi aghalabu huanza kazi yake akichukulia kwamba kitu kinachotafutiwa jina kimekwisha kujulikana. Katika fani nyingi dhana hiyo haina madhara. Fundi anajua bolti ni nini, na karani anajua hati ya malipo ni nini. Kinachobaki ni kukubaliana juu ya neno. Lakini zipo fani ambazo ujuzi wenyewe haujatulia, na jina lililofaa jana laweza kuwa uongo kesho. Mojawapo ni elimu ya visukuku, yaani mabaki au alama za viumbe wa kale zilizohifadhika katika matabaka ya ardhi, mara nyingi zikiwa zimegeuka jiwe.

Makala hii yakusudia kueleza kwa ufupi historia ya visukuku vichache vilivyopatikana Afrika Mashariki, hasa Tanzania na Kenya, na kuonyesha jinsi ugunduzi mmoja baada ya mwingine ulivyoyapita majina yaliyotangulia. Kusudi letu si kuandika historia ya sayansi. Twataka kuuliza swali ambalo mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali hulikabili kila mara: je, tunapotia jina la kisukuku katika Kiswahili, twataja kitu kilichookotwa, au twataja maoni ya mtu juu ya kitu hicho?

1. Fuvu la mwaka 1959

Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona vipande vya fuvu vikichomoza katika Korongo la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania. Jina la mahali hapo lenyewe lina funzo. Wamaasai huita oldupai mmea wa jamii ya mkonge pori uotao huko kwa wingi. Wageni wa Kijerumani waliofika mwanzoni mwa karne ya 20 hawakulisikia vema neno hilo, wakaandika Olduvai, na kosa hilo la sikio likaenea katika vitabu vya dunia nzima.

Mwaka huo huo Louis Leakey alilitangaza fuvu hilo kwa jina la Zinjanthropus boisei. Sehemu ya kwanza imeunganishwa na Zinj, jina ambalo wanajiografia Waarabu wa kale waliliita eneo la pwani yetu, na neno la Kiyunani lenye maana ya mtu. Sehemu ya pili ni heshima kwa Charles Boise, aliyeigharimia kazi ya uchimbaji. Kwa kuwa zana za mawe zilipatikana katika tabaka lile lile, Leakey aliamini kwamba mwenye fuvu ndiye aliyezichonga. Umri wake ulikadiriwa kwanza kuwa kama miaka 600,000. Mwaka 1961 ilichapishwa hesabu iliyofanywa kwa kupima potasiamu na argoni katika majivu ya volkano, nayo ikaonyesha miaka 1,750,000. Kwa kipimo kimoja tu historia ya ukoo wa binadamu ilirefushwa karibu mara tatu.

Jina la jenasi halikudumu. Wataalamu walipolilinganisha fuvu hilo na mengine yaliyopatikana Afrika Kusini, waliona kwamba halikustahili kutengwa peke yake. Likaingizwa katika Australopithecus, na leo wengi huliita Paranthropus boisei. Jina Zinj limebaki katika mazungumzo na katika majina ya mahali, ila katika uainishaji limekwisha kuachwa.

2. Nani alichonga zana?

Mwaka 1960, hapo hapo Olduvai, yalianza kupatikana mabaki ya kiumbe mwingine: taya, vipande vya fuvu na mifupa ya mkono. Meno yake yalikuwa madogo kuliko ya Zinj, na ubongo wake ulikuwa mkubwa zaidi. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier walimpa jina la Homo habilis. Neno habilis katika Kilatini lamaanisha mwenye uwezo, stadi, hodari wa mikono. Hivyo jina lenyewe likawa hukumu: fundi wa zana za Olduvai si Zinj, ni huyu.

Ili kumwingiza katika jenasi ya Homo, watunzi wa jina iliwabidi kubadili hata maana ya jenasi hiyo. Kabla ya hapo, kwa maoni ya Arthur Keith, kiumbe hakustahili kuitwa mtu kama ubongo wake haukufikia sentimita za ujazo 750. Ubongo wa Homo habilis haukufikia kiasi hicho, na kwa hiyo mpaka ulishushwa hadi 600. Msomaji wa jarida hili ataona mara moja kilichotendeka: fasili ilibadilishwa ili istilahi ipate kukaa.

Basi fasili hiyo imesimama? Mwaka 2015 ilichapishwa taarifa ya zana za mawe kutoka Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, zenye umri wa miaka milioni 3.3. Mabaki ya kale zaidi ya jenasi ya Homo yajulikanayo ni nusu ya taya kutoka Ledi-Geraru, Ethiopia, lenye umri wa miaka milioni 2.8. Zana zimemtangulia fundi wake. Tena, mwaka 2023 ilitangazwa kwamba huko Nyayanga, karibu na Ziwa Victoria upande wa Kenya, magego ya Paranthropus yamepatikana pamoja na zana za aina ya Olduvai, katika matabaka yenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Na mwaka 2025 ilichapishwa taarifa ya mifupa ya mkono wa Paranthropus boisei kutoka mashariki ya Ziwa Turkana, mkono ambao kwa maoni ya wachunguzi ungeweza kushika zana. Kesi iliyofungwa mwaka 1964 imefunguliwa upya, na Zinj amerudi kizimbani akiwa na utetezi.

Fikiria sasa mfasiri aliyeandika "Mtu Stadi" mahali pa Homo habilis. Kilatini chake amekifasiri sawasawa. Lakini mwanafunzi asomaye neno hilo atajifunza jambo ambalo kisukuku hakikusema, yaani kwamba kiumbe huyu alikuwa stadi na wenzake hawakuwa hivyo. Jina la Kilatini, kwa kuwa msomaji wetu halielewi, halimdanganyi. Tafsiri yake ya Kiswahili, kwa kuwa aielewa, yaweza kumdanganya.

3. Jina la utani lililokanushwa na meno

Magego ya Zinj ni mapana mno, na taya zake ni nene. Ndiyo sababu alipewa jina la utani ambalo kwa Kiswahili tungeweza kusema "Mvunja Kokwa". Jina hilo lilipendwa na magazeti, likaingia katika vitabu, na kwa muda wa karibu miaka 50 wasomaji waliamini kwamba kazi ya meno hayo ilikuwa kuvunja vitu vigumu.

Mwaka 2008 wachunguzi walioyatazama meno hayo kwa hadubini walieleza kwamba hayana mikwaruzo na vishimo vya mtu anayetafuna vitu vigumu. Mwaka 2011 uchunguzi wa kaboni iliyomo katika meno ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula chake ilikuwa nyasi na mimea ya jamii ya ndago. Meno yenyewe hayakubadilika hata kidogo. Yalikuwa yale yale ya mwaka 1959. Kilichokuwa kipya ni njia ya kuyauliza. Kwa hiyo ugunduzi katika elimu hii si lazima utoke ardhini. Mara nyingine hutoka katika sanduku la makumbusho.

4. Nyayo za Laetoli

Kusini ya Olduvai, mahali paitwapo Laetoli, kundi la Mary Leakey lilikuta nyayo zilizokanyagwa katika majivu ya volkano. Nyayo za wanyama zilionekana mwaka 1976, na mwaka 1978 ukafunuliwa mstari wa nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, miaka milioni 3.66 iliyopita. Jambo hili lilimaliza ubishi wa siku nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba ubongo ulikua kwanza na mwili ukafuata. Imani hiyo ilisaidia kulipa heshima fuvu la Piltdown la Uingereza, lililotangazwa mwaka 1912 na kufichuliwa mwaka 1953 kuwa ni udanganyifu mtupu. Laetoli yatuonyesha viumbe wakitembea wima kabla ya zana zozote tuzijuazo, na muda mrefu kabla ya ubongo mkubwa.

Laetoli ina kisa kingine kiwahusucho watu wa istilahi. Mwaka 1974 Maundu Muluila alipata hapo taya la chini. Mwaka 1978 taya hilo, liitwalo LH 4, lilichaguliwa kuwa kielelezo rasmi cha spishi mpya, Australopithecus afarensis. Neno afarensis lamaanisha "wa Afar", na Afar iko Ethiopia, alikopatikana yule maarufu aitwaye Lucy. Kwa hiyo kielelezo ni cha Tanzania na jina ni la Ethiopia. Neno la kwanza nalo lamaanisha "nyani wa kusini", kwa kuwa Raymond Dart alilitunga mwaka 1925 kwa ajili ya fuvu la mtoto kutoka Taung, Afrika Kusini. Kiumbe huyu si nyani, na wala hakuishi kusini. Hata hivyo majina haya hayafutwi, maana kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazikubali jina libadilishwe kwa sababu tu halifai. Huko jina ni alama ya kutambulisha. Halidai kuwa maelezo.

Hata nyayo zenyewe hazijamaliza kusema. Mwaka 2016 timu iliyomshirikisha Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha taarifa ya nyayo nyingine za Laetoli. Mwaka 2021 nyayo za sehemu ya tatu, ambazo zamani zilidhaniwa na wengine kuwa za dubu, zilielezwa upya kuwa za zamadamu mwenye mwendo tofauti.

5. Hatua au matawi?

Vitabu vingi huchora viumbe wakifuatana mmoja nyuma ya mwingine, wa mwisho akiwa mtu wa leo, na huviita vipindi hivyo "hatua". Mwaka 1976 Richard Leakey na Alan Walker walionyesha kwamba huko Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, mafuvu ya boisei na ya Homo erectus yalitoka katika matabaka ya wakati mmoja. Mwaka 2024 zilitangazwa kutoka eneo hilo hilo nyayo za aina mbili juu ya uso mmoja wa tope la kale, zenye umri wa miaka kama milioni 1.5. Majirani waliokanyaga ufuo mmoja hawawezi kuwa hatua mbili za safari moja. Neno "tawi" lafaa zaidi.

6. Mapendekezo

Kutokana na hayo twapendekeza mambo manne.

Kwanza, majina ya Kilatini ya jenasi na spishi yaachwe kama yalivyo, na maana yake ielezwe mara moja tu, kama historia ya jina.

Pili, neno "zamadamu" litumike kwa viumbe wote wa ukoo wa binadamu tangu ulipotengana na ukoo wa sokwe. Neno hili halidai ustadi, wala ukubwa wa ubongo, wala mahali. "Mtu wa kale" halitoshi, kwa kuwa mjenzi wa msikiti wa Kilwa wa karne ya 14 naye ni mtu wa kale.

Tatu, "kiungo kilichopotea" na "hatua" yaepukwe, isipokuwa mwandishi anapoeleza maoni ya zamani.

Nne, katika kamusi, katika vitabu vya shule na katika vibao vya makumbusho, habari za kisukuku zigawanywe sehemu mbili. Sehemu ya kwanza itaje kitu: ni fuvu, taya au unyayo, kilipatikana wapi na mwaka gani, umri wake ni upi na ulipimwa kwa njia gani. Sehemu ya pili itaje maoni, na kila oni liandikiwe mwaka wake. Mtihani unaomwuliza mtoto "Nani alitengeneza zana za kwanza?" na kutarajia jibu moja humwadhibu anayejua zaidi. Ukimwuliza "Ni ushahidi gani uliopatikana Olduvai mwaka 1960, na ulifasiriwa vipi?" jibu lake litabaki sahihi hata baada ya ugunduzi mwingine.

Walimu na wafasiri walio na istilahi nyingine za fani hii, hasa zile zilizokwisha kutumika madarasani, wanaombwa wazilete pamoja na sentensi walimozitumia, ili zipimwe kwa kigezo hiki kabla ya kusanifishwa.