Picha ya Shule Iliyoungua

Mhariri amenitaka niandike habari za maisha ya zamani hapa shuleni. Za jembe na uji wenye wadudu mmekwisha zisoma. Mimi nitaandika juu ya picha moja ya senema.

Ilikuwa mwaka 1963, nikiwa kidato cha pili. Jumamosi moja mwalimu mmoja Mwingereza alileta mashine ya senema, akatundika shuka ukutani, nasi tukakaa sakafuni. Picha yenyewe iliitwa The Pure Hell of St Trinian's, iliyotolewa mwaka 1960. Ilikuwa ya tatu katika mfululizo wake. Ya kwanza ilitoka mwaka 1954, ya pili mwaka 1957, zote zikiongozwa na Frank Launder.

Ni vichekesho vya shule ya bweni ya wasichana watukutu kupita kiasi. Picha inapoanza, wasichana wamekwisha teketeza shule yao kwa moto. Wanapelekwa mahakama ya Old Bailey, London, wanaonekana na hatia, kisha anatokea profesa anayeahidi kuwarekebisha. Mwishowe wakubwa miongoni mwao wanajikuta jangwani Uarabuni kwa Emiri anayewatafutia wanawe wake. Tulicheka mpaka kiranja akatunyamazisha. Kwa wiki nzima kila aliyewasha kiberiti bwenini aliitwa St Trinian's.

Baadaye sana ndipo nilipojifunza asili ya vichekesho vile. Aliyewabuni wasichana hao ni mchoraji Ronald Searle, ambaye mchoro wake wa kwanza wa shule hiyo ulichapishwa mwaka 1941. Mwaka 1942 alitekwa na Wajapani huko Singapore, akafanyishwa kazi ngumu katika reli ya Siam na Burma, na hata huko aliendelea kuchora kwa siri. Vita vilipokwisha mwaka 1945 alirudi kwao, akaendelea na wasichana wake. Sishangai kwamba mtu aliyeona hayo aliweza kuchekea watoto wenye shoka mkononi. Kwake huo ulikuwa utundu tu.

Waingereza nao walikuwa na sababu yao ya kucheka. Kwao shule ya bweni ya wasichana ilikuwa jambo la kawaida kwa wenye uwezo, na kitu cha kawaida ndicho hufanyiwa mzaha. Kwetu Kilimanjaro haikuwa hivyo. Ingawa misheni za Kilema na Machame zilianza katika miaka ya 1890, na kahawa ya KNCU ilikuwa ikilipa karo tangu miaka ya 1930, fedha ile ilianza kwa watoto wa kiume. Majina ya Weruweru, Ashira na Machame kutikisa nchi nzima kwa matokeo ya mitihani ni jambo la baadaye.

Nilipokwenda likizo niliisimulia picha ile jikoni, nikiigiza sauti zote. Mama alicheka. Dada yangu mdogo, aliyeachishwa shule baada ya darasa la nne, alikuwa ndiyo kwanza ametua mzigo wa majani ya ng'ombe aliyoyabeba kichwani kutoka tambarare. Akaniuliza, "Kaka, na hao waliochoma shule, karo yao alikuwa analipa nani?" Nikamwambia ni mchezo tu. Akasema, "Najua ni mchezo. Nauliza karo." Sikuwa na jibu, na karo yangu sote tulijua ilitoka wapi. Ada ya masomo ya sekondari ilifutwa mwaka uliofuata, 1964. Kwake yeye ilikuwa imechelewa.

Binti zake wote aliwasomesha. Wa mwisho alikuwa bwenini katika shule moja ya mlimani huku mwezi Juni 1994, usiku ule bweni la wasichana la Shauritanga, Rombo, lilipoungua, wakafa wanafunzi zaidi ya 40. Habari ilitufikia vipande vipande, bila majina. Haikuwa shule ya binti yake, na dada alilijua hilo. Hata hivyo alifunga kanga, akashuka kwa miguu mpaka barabarani, akapanda gari, akaenda kumwona mtoto kwa macho yake. Alirudi jioni, hakusema kitu, akaingia zizini kukamua.

Picha zile ziliendelea kutengenezwa, na mwaka 2007 na 2009 Waingereza walitoa mpya mbili. Mjukuu wangu alinionyesha moja. Inachekesha, siwezi kukana. Nilicheka peke yangu sebuleni.

Juma lililopita nilimwambia dada kwamba naandika habari hii kwa ajili ya mkutano wetu. Aliniuliza kama bweni letu la zamani lilikuwa na mlango wa pili. Nililala humo miaka minne na sikumbuki. Siku ya mkutano, kabla ya chakula, nitakwenda kutazama, na kiranja wa sasa nitamwomba anifungulie.