Takhmisi katika Jazi: Joe Henderson na Nyimbo za Wenziwe

Watungaji wetu wa kale walikuwa na desturi ya kulichukua shairi la mtu mwingine, wakayaacha maneno yake yote mahali pake, kisha wakaitangulizia kila mishororo miwili mishororo mitatu ya kwao. Kazi hiyo huitwa takhmisi, na iliyo mashuhuri kwetu ni ile ya Sayyid Abdallah bin Nasir juu ya shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo. Hatumdhanii mtungaji wa Al-Inkishafi kuwa aliliendea shairi la Liyongo kwa sababu alikuwa hana lake la kusema. Lakini dhana ya namna hiyo humjia mtu kwa urahisi azitazamapo kazi za mwisho za Joe Henderson, mpiga saksafoni ya tenori wa Marekani, aliyepata sifa kubwa uzeeni kwa nyimbo za watu wengine. Nionavyo mimi, tarehe za kazi zake zaikataa dhana hiyo.

Henderson alizaliwa Lima, katika jimbo la Ohio, tarehe 24 Aprili 1937. Baada ya kulitumikia jeshi alifika New York mwaka 1962, akapokewa na mpiga tarumbeta Kenny Dorham, aliyemzidi umri kwa miaka 13. Santuri yake ya kwanza, Page One, ilirekodiwa mwaka 1963, na Dorham alipiga ndani yake. Kati ya mwaka huo na 1966 zilirekodiwa tungo zake nyingi ambazo wapigaji wa jazi wangali wakizisoma kama wanafunzi wasomavyo matini: Recorda Me, Serenity, Isotope, Inner Urge, A Shade of Jade. Mtu huyu, basi, hakuwa maskini wa tungo.

Wenye kuipenda lugha yetu watapenda kujua pia kwamba mwaka 1969 na 1970 alikuwa katika kikundi cha watu sita cha mpiga piano Herbie Hancock, kile ambacho wapigaji wake walijipa majina ya Kiswahili. Hancock mwenyewe aliitwa Mwandishi, na Bennie Maupin, aliyeishika nafasi ya Henderson, akaitwa Mwile. Henderson alikuwa amekwisha kuondoka kabla jina Mwandishi halijawekwa juu ya santuri ya mwaka 1971.

Miaka iliyofuata aliishi San Francisco, akiheshimiwa sana na wapigaji wenziwe na kujulikana kidogo tu na watu wengine. Hali hiyo iligeuka mwaka 1992, alipokuwa na umri wa miaka 55, ilipotolewa Lush Life, santuri ya nyimbo za Billy Strayhorn, yule msaidizi na mshiriki wa Duke Ellington. Mwaka 1993 ikafuata So Near, So Far, ya kumkumbuka Miles Davis, na mwaka 1995 Double Rainbow, ya nyimbo za Antonio Carlos Jobim wa Brazil. Hii ya tatu ilikusudiwa kwanza Jobim mwenyewe ashiriki, lakini alifariki tarehe 8 Desemba 1994, na kilichokuwa ushirikiano kikawa ukumbusho. Kwa sikio langu hiyo ndiyo iliyo laini kupita kiasi. Mkono wa mgeni waonekana kuogopa kuvunja kikombe.

Lush Life ni jambo jingine. Henderson alikuwa na wapigaji wanne, wote vijana kuliko yeye, lakini hakuwatumia wote katika kila wimbo. Isfahan, wimbo wenye jina la mji wa Uajemi, waufungua mlango kwa saksafoni na besi ya Christian McBride tu. Take the A Train ni saksafoni na ngoma. Lotus Blossom ni saksafoni na piano. Mwishoni, katika wimbo uliompa santuri jina, wenziwe wote wamenyamaza, naye yu peke yake. Sauti ya Strayhorn haikufunikwa mahali popote, na bado kila kifungu ni cha Henderson. Mwenye kutaka kuifahamu takhmisi bila maneno aanze hapo.

Sasa tuirudie dhana ile. Huenda ikasemwa kwamba mashairi ya watu yalichaguliwa na wauza santuri, naye akayaimba tu. Lakini iko santuri moja, The Kicker, ambayo Henderson aliirekodi mwezi wa Agosti na Septemba 1967. Ndani yake mna Chelsea Bridge ya Strayhorn, aliyekuwa amefariki tarehe 31 Mei mwaka ule ule. Mna Nardis, iliyoandikishwa kwa jina la Miles Davis. Na mna O Amor em Paz ya Jobim. Watu wote watatu wamo katika sahani moja, robo karne kabla ya mtu yeyote kuzungumza juu ya mfululizo wa kumbukumbu. Wimbo huo wa Jobim aliurudia katika Double Rainbow, kwa jina lake la Kiingereza, Once I Loved.

Wala kazi yake mwenyewe haikusubiri. Karibu mwaka 1966 yeye na Dorham walikuwa na bendi kubwa ya mazoezi huko New York, ambamo alijifunza kuzipanga tungo zake kwa safu za tarumbeta, tromboni na saksafoni. Bendi ile haikuacha santuri. Lush Life ilirekodiwa Septemba 1991. Miezi sita tu baadaye, Machi 1992, Henderson aliingia studio na bendi kubwa, na kazi ikamalizwa Juni 1996. Mpangilio wa baadhi ya nyimbo ni wake, na mwingine ni wa watu kama Slide Hampton na Bob Belden. Santuri hiyo, Big Band, ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1998. Ina nyimbo tisa. Saba ni tungo za Henderson, zikiwamo Isotope, Inner Urge na Black Narcissus. Mbili zilizobaki ni Without a Song na Chelsea Bridge, na zote mbili zimo katika The Kicker ya mwaka 1967.