Nyangwe na Vikwazo vya Lualaba

Nyangwe, soko lililo kando ya mto Lualaba nchini Kongo, liliwakwamisha wavumbuzi Livingstone mwaka 1871 na Cameron mwaka 1874, kwa kuwa wote wawili walikosa mitumbwi. Mvumbuzi mwenzao Stanley, aliyefika mwaka 1876 na Lady Alice, mashua iliyofunguliwa vipande ili ibebwe na wapagazi, aliondokana na kikwazo hicho, lakini safari ikakatikakatika kwenye maporomoko ya Boyoma, ambako vyombo viliburutwa nchi kavu. Tiba ya kweli ilikuwa reli za kuzunguka maporomoko mbalimbali ya mto, ile ya Kisangani hadi Ubundu mwaka 1906 na ile ya Kindu hadi Kongolo mwaka 1911. Kama mashua hiyo ilivyoondoa kikwazo kimoja tu, vivyo hivyo kadi mpya ya michoro, yaani kifaa kinachochora picha za kompyuta, haiondoi kukwamakwama kwa mchezo wa kompyuta iwapo kizuizi kiko kwenye prosesa, kumbukumbu au programu endeshi. Kila sehemu yapaswa kuchunguzwa peke yake.