Shichirin: jiko la sarafu saba

Wajapani wana jiko dogo la mkaa waliitalo shichirin. Shichi ni saba; rin ni sarafu ya zamani, sehemu ya 1,000 ya yen. Husimuliwa kwamba mkaa wa rin saba tu ulitosha kupikia, jina likaganda hapo. Mwenye jiko la udongo hatashangaa: tundu la hewa liko chini, kuta nene zinatunza joto. Juu huwekwa wavu, kisha yakitori, yaani mishikaki ya kuku. Yaki ni kuchoma, tori ni ndege. Mafuta yakidondoka, makaa hulia chwaa! Basi mwandishi mwenzangu, ukiitaja shichirin kwa Kiswahili, achana na “grili ya Kijapani”. Jiko linatosha. Ila liwashe uani, si chumbani: gesi ya mkaa huua kimya kimya.