Kidonge cha Kila Siku: Habari za Dawa ya Saratani ya Damu

Ninyi mlioko Kihanga, na wenzenu wa vijiji vingine vya Karagwe na Kyerwa, sogeeni karibu na redio. Na wewe unayesoma maneno haya katika karatasi, soma polepole. Somo la leo ni la historia. Si historia ya watawala wa Karagwe wala ya vita. Ni historia ya kidonge, na ya watu waliokimeza kila siku, na ya wengine waliokiacha.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Ndani ya mifupa yetu mna uboho, na humo ndimo damu inamotengenezwa. Damu ina chembe nyekundu, ambazo huipa rangi yake, na chembe nyeupe, ambazo hulinda mwili kama askari. Mtu akipata saratani ya damu, uboho wake hutoa chembe nyeupe mbovu, nyingi kupita kiasi, hata zile nzuri hukosa nafasi. Mwaka 1845 madaktari wawili, John Hughes Bennett wa Edinburgh na Rudolf Virchow wa Berlin, waliandika habari za ugonjwa huu, kila mmoja kwa upande wake. Baadaye Virchow akaupa jina la Kigiriki, maana yake "damu nyeupe". Jina likapatikana, lakini dawa ya kufaa haikupatikana kwa miaka mia moja.

Mwishoni mwa mwaka 1947, katika mji wa Boston huko Marekani, Daktari Sidney Farber alianza kuwapa watoto wagonjwa dawa mpya kwa sindano. Baadhi yao waliinuka kitandani. Baada ya miezi michache ugonjwa ulirudi, lakini hata miezi hiyo ilikuwa jambo ambalo halijapata kuonekana. Kisha Bibi Gertrude Elion na Bwana George Hitchings wakatengeneza dawa iitwayo merkaptopurini, ambayo ilianza kutumika mwaka 1953. Hii ilikuwa ya vidonge.

Hapo ndipo lilipotokea badiliko kubwa, ingawa halikupigiwa ngoma. Sindano huchomwa na mwuguzi, naye huandika katika kitabu chake kwamba amechoma. Kidonge huenda nyumbani. Mama ndiye humpa mtoto, usiku, wakati jiko linazimwa na kila mtu amechoka. Kazi ya mwuguzi ilihamia kwa mama, wala hakuna aliyempa mama yule kitabu cha kuandikia.

Tena matibabu ya watoto hawa huchukua miaka miwili na zaidi. Mtoto hunenepa, hucheza mpira, hurudi shuleni. Mzazi humtazama na kusema, "Huyu amekwisha pona." Lakini mwaka 2012 madaktari wa Marekani walieleza walichokiona walipopima jambo hilo: watoto waliokosa dawa zaidi ya siku 5 katika kila siku 100 walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kurudiwa na ugonjwa. Siku 5 tu katika 100!

Sasa tuje kwa watu wazima. Iko aina ya saratani ya damu iendayo polepole, ambayo huwapata zaidi watu wazima. Mwaka 1960 wataalamu wawili wa mji wa Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford, waligundua kwamba katika chembe za wagonjwa hao mna alama moja isiyo ya kawaida. Ilichukua miaka karibu arobaini kupata dawa ya kuipiga shabaha alama ile. Dawa hiyo ni imatinibu. Daktari Brian Druker alianza kuwajaribia wagonjwa mwaka 1998. Katika wagonjwa 54 waliopewa kiasi cha kutosha, 53 damu yao ilirudi katika hesabu ya kawaida. Mwaka 2001 Serikali ya Marekani iliruhusu dawa hiyo kuuzwa.

Lakini bei yake! Ilipita dola 20,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Mkulima wa kahawa atazipata wapi? Mwaka 2002 ulianza mpango wa kimataifa wa kuwapa dawa hiyo bure wagonjwa wasio na uwezo, na wagonjwa wa Afrika Mashariki wakaingia katika mpango huo. Nchini Kenya kliniki yake ilikuwa Nairobi, na watu walisafiri kutoka mbali kwenda kuchukua vidonge vyao. Mwaka 2013 Mahakama Kuu Kabisa ya India ilikataa kumpa mtengenezaji wa kwanza haki ya kuitengeneza peke yake, na viwanda vya huko vikaendelea kuitoa kwa bei ndogo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiandika katika orodha ya dawa za lazima.

Watu wengi huishia hapa wanaposimulia habari hii, kana kwamba dawa ikifika mkononi kazi imekwisha. Mimi naona ndipo inapoanza.

Mwaka 2010 madaktari wa London walitoa habari za wagonjwa 87 waliokuwa wakimeza imatinibu kwa miaka kadhaa. Chupa zao zilikuwa na kizibo chenye mtambo mdogo, ulioandika kila mara chupa ilipofunguliwa. Waliomeza zaidi ya sehemu 90 katika 100 za dawa yao walifanikiwa karibu wote: ugonjwa ulididimia hata vipimo vikawa vinauona kwa shida. Waliomeza sehemu 90 au chini, waliofanikiwa hivyo hawakufika hata theluthi moja. Chukueni kalamu tupige hesabu. Mwezi una siku 30. Sehemu 90 katika 100 za siku 30 ni siku 27. Basi, ni siku tatu tu za kusahau katika mwezi: siku moja msibani, siku moja safarini, siku moja ya kusema "nitameza kesho".

Je, watu hawa ni wajinga? Hata kidogo. Dawa hii huweza kuleta kichefuchefu, misuli kukaza, na macho kuvimba. Mgonjwa aliyekuwa mzima jana huona kwamba kidonge ndicho kinachomwumiza. Tena iko safari. Mtu wa Kihanga akiandikiwa kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, huzunguka ziwa kwa basi, au hushuka Bukoba kupanda meli. Kabla ya daraja la Kigongo na Busisi kufunguliwa mwaka 2025, basi lenyewe lilingojea kivuko. Nauli ikikosekana, vidonge huisha nyumbani na siku za bure huanza kuhesabiwa.

Nchi yetu haikuwa ngeni katika jambo hili. Tangu mwaka 1977 Daktari Karel Styblo alishirikiana na Serikali yetu katika mpango wa kifua kikuu. Miezi 2 ya mwanzo mgonjwa alimeza dawa mbele ya mwuguzi, na dunia nzima ikaja kuiga mpango huo. Na katika mkoa huu wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana mwaka 1983, watu wamekwisha jifunza kumeza dawa kila siku ya Mungu, huku jirani au ndugu akiwakumbusha. Ujuzi huo mnao majumbani mwenu. Mwenye saratani ya damu anauhitaji vilevile.

Basi, kama nyumbani mwako yuko mgonjwa wa namna hii, fanya hivi. Kidonge cha imatinibu humezwa pamoja na chakula na bilauri kubwa ya maji. Hapo kichefuchefu hupungua. Kifungeni na jambo lisilokosekana, kama ndizi za mchana. Dawa nyingine zina saa zake, kwa hiyo fuateni neno la daktari. Akisahau leo, kesho asimeze maradufu. Akitaka kuongeza mitishamba, au akiwa mwanamke anayetaka mtoto, aseme kwa daktari kwanza, kwa kuwa dawa nyingine hugombana na kidonge, na kidonge huweza kumdhuru mtoto tumboni. Wako wagonjwa ambao daktari huwaachisha dawa baada ya miaka mingi, lakini huwapima damu mara kwa mara; hakuna ajipimaye kwa kujiona ana nguvu.

Na vikibaki vidonge vya wiki mbili, safari ianze kupangwa siku hiyo, siyo siku chupa ilipokauka.

Kazi ya daftari: chora mistari ya mwezi mmoja, siku 30, kila siku na kisanduku chake. Mpelekee mtu mmoja unayemjua amezaye dawa ya kila siku, hata kama ni ya ugonjwa mwingine, mkae naye, umwonyeshe namna ya kutia alama. Juma lijalo mtamwambia mwalimu wenu visanduku vingapi vilibaki vitupu, na kwa sababu gani.